Majani Juu ya Bati la Bana Kabaso

Misimu mitatu ya mvua ilipita bila mtu kupanda juu ya paa la Bana Kabaso, tangu mumewe alipoteleza kule na ufagio mkononi, akafa. Majani ya mkaratusi yakarundikana, yakaziba mfereji, na maji yakaacha pipa yakashuka ukutani. Ukuta ulikuwa wa matofali mabichi, na kitanda cha mjane kiliuegemea. Asubuhi moja Cadette, aliyelala chumba cha nyuma, aliubonyeza. Kidole kikazama mpaka kwenye kucha.

"Ba Mama, mvua mbili tena, ukuta huu utakuangukia."

"Uanguke. Paa ile ilisha kunikulia mutu mumoja. Haitakula mutoto wa watu."

Cadette alifika Nchelenge akitokea kambi ya wakimbizi ya Kenani, na begi moja la nguo zilizovuka ziwa pamoja naye kutoka Pweto, Kongo. Bana Kabaso, muuza samaki wa soko la Kashikishi, alimpa chumba cha nyuma bila kumwuliza chochote isipokuwa kama alikuwa amekula. Mutoto wa watu! Alikwenda kwa jirani Jairos kuazima ngazi na kamba ya nyavu.

Alingoja umande ukauke. Alisimamisha ngazi mahali pagumu, akaifunga juu isihame. Alirusha kamba upande wa pili wa paa, akaizungusha mara mbili kwenye shina la mkaratusi, ncha ya kwake akajifunga kifuani.

"Ukamate wewe mwenyewe, Ba Mama. Nikipanda, vuta polepole; nikishuka, legeza. Nikiteleza, vuta."

Bana Kabaso alitazama fundo kifuani mwa Cadette, akalifungua.

"Hili ni la kufungia mbuzi." Akafunga lake, la mitumbwi, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mkaratusi, akakamata ncha ya pili.

Juu, Cadette alikanyaga kwenye mistari ya misumari tu, maana chini yake ndipo penye mbao. Alifagia kutoka juu kushuka chini, hakukanyaga majani. Karibu na mfereji akaona tawi limekwama, akanyoosha mkono, na mguu ukasahau. Chini ya majani kulikuwa na utelezi mtupu.

"Shika!"

Kamba ikambana mbavu. Akabaki amelala kifudifudi juu ya bati, miguu ikining'inia.

"Nishike nini?" sauti ilitoka nyuma ya nyumba. "Kwa Kibemba chetu kushika ni kuzika mutu! Sema kamata!"

"Kamata, Ba Mama!"

"Nilikamata zamani, weye!"

Ilikuwa sauti ya mzaha, lakini kamba haikulegea.

Cadette akatambaa mpaka kwenye ngazi, na sehemu iliyobaki akaimalizia akiwa amesimama hapo. Aliposhuka, alikuta viganja vya Bana Kabaso vimechubuka. Alivishika, naye hakuviondoa.

Alasiri mvua ikaja kutoka upande wa Kongo. Walisimama chumbani wakiutazama ukuta. Nje maji yaliangukia pipani kwa mkupuo mmoja mzito, lakini ukutani hapakushuka hata tone. Bana Kabaso aliketi kitandani.

"Natotela, mwana wandi," alisema. Asante, mwanangu.

Cadette alitaka kusema kwamba yeye ndiye wa kushukuru, kwa miaka yote hii, lakini bati lilikuwa likiunguruma.

"Aksanti, Ba Mama!"

"Unasema?"

"Aksanti!"

"Sisikii! Njoo ukae hapa!"

Akaenda, akakaa.