Upande wa Moshi

Wenzake walicheka, naye Bokrye akacheka, akiwa amechelewa kidogo. Hakujua wanachekea nini. Alikuwa ameketi kwenye jiwe lake, upepo mgongoni, suti ya mpira imembana kiunoni, mashine mpya za kusikilizia zimekaa nyuma ya masikio. Kupiga mbizi kunachosha, lakini kujifanya unasikia kunachosha zaidi.

Pale motoni ufukweni, tunapoota kabla ya kushuka baharini, sisi wanawake wapiga mbizi hatukai ovyo. Wapiga mbizi hodari hukaa upande unakotoka upepo, moshi usiwaguse. Wa kati hukaa pembeni. Wachanga ndio wanaokula moshi mpaka macho yanawaiva. Bokrye aliula miaka ishirini na mitatu kabla ya kupewa jiwe lililo ubavuni mwa Gyehwa, kiongozi wetu. Kumwambia mtu ahame hapo ni kumvua nguo hadharani.

Ila bahari imemla masikio, kama inavyotula sote. Mwezi uliopita Gyehwa alitangaza kwamba tusiguse mwamba wa mashariki, tulikopanda vichanga vya konokono wa bahari. Bokrye akatikisa kichwa, ndiyo ndiyo, kisha akaenda kulekule na kurudi wavu umejaa. Lo, aibu gani ile! Wavu mzima ulimwagwa tena majini watu wakitazama.

"Hii tumesamehe," Gyehwa alimwambia, amemshika mabega ili asome midomo yake. "Ikijirudia, mdogo wangu, utabaki nchi kavu. Huko mashariki kuna mikondo. Sitaki kuja kuvuta maiti yako."

Ndipo alipokwenda mjini kuchukua mashine. Ndani ya chumba cha Bi Hwang, mpimaji wa masikio, milango imefungwa, alisikia kila kitu, hata karatasi ikifunuliwa. Alilia kama mtoto.

"Zina akili hizi," Bi Hwang alimwambia, wameketi uso kwa uso. "Zinachukua sauti ya aliye mbele yako, anayekutazama. Wa pembeni na wa nyuma zinampunguza. Upepo nao zinaukata."

Bokrye alisikia "zina akili", hayo mengine akayaacha palepale mezani. Mtu akifurahi husikiliza nusu.

Sasa akili hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwaibisha. Gyehwa alikuwa kushoto kwake, mabega yakigusana, midomo ikienda. Kilichomfikia Bokrye ni mvumo tu, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Lakini ng'ambo ya moto, kwa wachanga waliomwelekea, kila neno lilimjia safi.

"Mwone, anatikisa kichwa tu," alisema Seonok, mchanga wa miaka hamsini na miwili. "Hajasikia kitu yule."

"Nyamaza wewe, atakusikia," jirani yake alimkanya.

"Atasikia na nini? Leo atakwenda mashariki tena, utaniambia. Kesho tunamfanyia karamu ya kumuaga."

Bokrye akahisi mkono gotini. Gyehwa alikuwa amemgeukia, nyusi juu. Alikuwa amemuuliza kitu. Watu wote wakamtazama.

Shingo yake ilikuwa tayari kutikisika. Miaka minne shingo hiyo ndiyo iliyomwokoa. Lakini alikuwa amechoka, tuseme ukweli. Alikuwa amechoka mpaka ndani ya mifupa.

"Sijaelewa, dada," alisema.

Akainuka, akauzunguka moto, akasimama mbele ya Seonok.

"Sogea."

"Mama, huku kuna moshi."

"Moshi huu nimeujua wewe ukiwa bado unanyonya. Inuka. Na kwenye karamu yangu nyama ya nguruwe iwe na mafuta, sitaki ile kavu kavu."

Seonok aliinuka, uso umemshuka. Bokrye akakaa. Hatujawahi kuona mtu akishuka upande ule kwa miguu yake mwenyewe.

"Bokrye!" Gyehwa aliita. "Jiwe lako hili hapa!"

"Nakusikia," Bokrye alisema, na kweli alikuwa amemsikia, mpaka ule mkwaruzo wa kooni. "Nitazame hivyohivyo. Sema tena."

Gyehwa akasema tena, polepole, bila kumwondolea macho. Kisha Bokrye akayarudia maneno hayo mbele ya wote: "Mashariki hatugusi. Tunashuka kusini tu. Mkondo unageuka kabla ya saa sita. Ukiinua boya jekundu, wote tunatoka."

"Ndivyo, mdogo wangu," alisema Gyehwa. "Ndivyo hasa. Utashuka nasi."

Seonok alikuwa bado amesimama, miwani ya kupigia mbizi mkononi. Mawe yote yalikuwa na watu, isipokuwa lile moja la ubavuni mwa Gyehwa.

"Sasa mimi nikae wapi?" aliuliza.

Bokrye alikohoa, akafuta macho, akazitazama nyuso zile moja moja, mdomo baada ya mdomo. Safari hii kosa halikuwa la masikio yake. Kweli hakuna aliyejibu.