Mwaka wa Umeme wa Usiku

Nyumba waliyonunua Karekezi na mkewe Vestine kule Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, ilikuwa na kasoro moja ambayo hawakuitambua mpaka theluji ya kwanza ilipoanguka. Majirani wote walipasha nyumba zao moto kwa gesi. Yao ilikuwa na hita za umeme, mabati marefu yaliyobandikwa chini ya kila dirisha. Bili ya Januari ilipofika, Vestine aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Ilikaribia malipo ya nyumba yenyewe.

Fundi aliyekuja kuangalia habari ya kuvuta gesi alitaja bei, na Karekezi akacheka kicheko cha mtu aliyeumia. Kuuza wasingeweza, maana ndiyo kwanza walikuwa wamenunua. Na kabla mwezi haujaisha, kampuni ya umeme ikawaletea barua. Kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, umeme ungeuzwa nusu bei. Kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, ungeuzwa zaidi ya mara mbili. Anayejiunga amejiunga kwa mwaka mzima.

Karekezi alikuwa dereva wa lori. Alipakia Buffalo, akashusha Columbus, akaendelea hadi Louisville, kisha akarudi. Barua ile aliipiga picha akaondoka nayo. Jumatatu jioni akapiga simu kutoka Whitehall, huko Columbus, nyumbani kwa mdogo wake Olivier.

“Mama Patricia, Olivier anasema tuingie tu. Yeye bili yake imeshuka sana.”

“Olivier na mke wake mchana wako wapi?”

“Kazini.”

“Na watoto?”

“Shule.”

“Donc, kwa hiyo mchana nyumba yake haina mtu. Yetu iko na mama yako.”

“Mama amezoea baridi. Kule kwetu milimani hakukuwa na baridi?”

“Kule alikuwa kijana, anatembea nyuma ya ng’ombe kutwa nzima. Leo ana miaka themanini na moja na anakaa kwenye kiti. Nipe mpaka Ijumaa. Nitajaribu mwenyewe, nione kama nyumba inaweza.”

Vestine hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na kazi ile ilikuwa imemfundisha kupima kwanza, kusema baadaye. Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliziacha hita zote zikiwaka kwa nguvu, na ilipogonga saa moja asubuhi akapita chumba kwa chumba akizizima. Sasa angekaa na mama mkwe wake, Mizero, kama vile mpango umeshaanza, aone joto la usiku litawafikisha wapi.

Saa mbili nyumba ilikuwa na joto la kuvua sweta. Saa nne sakafu ilianza kuuma nyayo. Adhuhuri vioo viliota barafu kwa ndani, na ile saa ya bei kali ilipoanza, pumzi zao zilikuwa zikionekana hewani. Zilibaki saa sita kabla bei haijashuka. Nje theluji inayoletwa na upepo wa ziwani ilikuwa imelifunika gari hadi madirishani, na mji ulikuwa umekataza watu kuendesha. Hata wangetaka kukimbilia kwa mtu, wasingefika mwisho wa barabara. Vestine alisimama katikati ya sebule akahisi kuta zinamsogelea. Walihangaika miaka mingi katika kambi ya wakimbizi wakiomba mlango wao wenyewe wa kufunga, na leo mlango huo ulikuwa umewafungia.

“Mama, unasikia baridi?”

“Hapana, binti yangu.”

“Sema ukweli.”

“Niko muzuri tu.” Mizero akavuta blanketi. Baadaye kidogo akaongeza, bila kumtazama, “Nilisikia munaongea juu ya bili. Sitaki mwanangu aendeshe lori usiku na mchana kwa ajili ya baridi ya magoti yangu.”

Vestine akaelewa kwamba jaribio lake lilikuwa na kosa kubwa. Alikuwa akimuuliza mtu ambaye asingejibu kweli hata angekuwa anaganda. Akampikia chai, akamvisha koti la Karekezi, akajiambia angojee saa moja zaidi.

Hakuimaliza. Mizero, aliyekuwa akitetemeka, aliacha kutetemeka. Vestine alifurahi kidogo, kisha moyo ukamlipuka. Kazini alishaonywa juu ya jambo hilo hilo: mzee aliye kwenye baridi akiacha kutetemeka, usishukuru. Alimwita. Mizero alijibu kwa ulimi mzito, akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Vestine alichomoa kipimajoto kwenye mkoba wake wa kazi, na namba aliyoiona ilikuwa ile ambayo kazini ingemfanya akimbie kumwita muuguzi.

Aliwasha hita zote. Ilikuwa saa tisa alasiri. Aliwapigia watu wa dharura, wakamwambia gari litachelewa kwa sababu ya theluji, wakakaa naye kwenye simu wakimwelekeza. Akaingia chini ya mablanketi na mama mkwe wake, kifua kwa mgongo, kitu ambacho kwa mila zao asingethubutu kukifanya, akamkumbatia mpaka kutetemeka kuliporudi. Wahudumu walipofika, Mizero alikuwa akiwakatalia hospitali kwa ishara za mikono. Wakampima mara mbili, wakamwacha.

Ndipo Vestine akampigia mumewe, aliyekuwa ameshafika Louisville.

“Hatuingii,” akasema, akamweleza yote.

“Bon, basi,” Karekezi akasema kwa sauti ndogo. “Nilishaingia. Juzi, pale kwa Olivier. Nilibonyeza kwenye simu. Nilifikiri utafurahi ukiona bili.”

Vestine hakupiga kelele. Alikata simu, akaipigia kampuni. Dada mmoja mwenye sauti laini akamsikiliza hadi mwisho, akampa pole, kisha akamsomea kifungu: miezi kumi na miwili. Akauliza kama kuna jambo jingine angeweza kumsaidia.

Simu ilipoita kutoka Louisville, aliyesema alikuwa Theogene, binamu ya Karekezi aliyempokea huko, fundi umeme wa kiwanda kimoja cha Jeffersontown.

“Shemeji, usimuue kwanza,” akasema. “Sikiliza. Umeme wa usiku ni wa nyumba inayoweza kuweka akiba ya joto. Hizo hita zenu, ukizima, zimekufa saa hiyo hiyo. Kuna zingine, ndani zimejaa matofali mazito. Zinachemka usiku, halafu mchana kutwa zinatoa joto polepole. Mpya ni ghali. Lakini kuna ofisi hapa inavunjwa, iko na moja.”

“Moja tu?”

“Moja.”

Karekezi aliileta Jumapili. Wanaume wanne wa kanisa waliyabeba matofali yake mawili mawili, na fundi mwenye leseni akaifunga kwenye chumba cha Mizero. Usiku ule Karekezi alipiga magoti mbele ya mama yake. Mizero akamwekea mkono kichwani. “Nilisikia baridi,” akamwambia. “Nilisikia baridi sana, mwanangu. Nilipaswa kusema.”

Hivyo ndivyo walivyoishi. Chumba kimoja kilikuwa na joto, nyumba iliyobaki ilikuwa friji. Kuanzia saa nane mchana maisha yote yalihamia humo: sufuria ya umeme, nguo za kukausha, simu za binti yao Patricia kutoka chuoni. Vestine alilala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda cha mama mkwe, akisikia kila kikohozi, na Karekezi, akirudi safarini, alilala sebuleni na koti lake la kazi kwa sababu ya heshima kwa mama yake. Mke na mume wakawa wanaongea kupitia ukuta. Bili ilishuka, kweli, lakini kwa kiasi kidogo ambacho Vestine hakutaka kukitaja mbele ya mtu.

Aprili theluji iliyeyuka, wakafungua milango ya vyumba. Mkataba ulipokwisha Januari iliyofuata, Olivier alipiga simu akitaka kujua kama watauongeza. Vestine alichukua simu mkononi mwa mumewe.

“Shemeji, wewe baki nao,” akasema. “Sisi nyumba yetu iko na mtu mchana.”