Redio ya Mshale na Redio ya Namba

Mama alikwisha kumfungua mbuzi. Kamba upande mmoja ameshika yeye, upande wa pili ameshika Sylvester, muuza redio wa mnada wa Genkuru. Redio mpya ya kubadilishana naye iko mezani, inawaka namba nyekundu.

"Dijitali, mama! Haidefinisheni! Steleo! Inavuta moja kwa moja kutoka sataliti. Hiyo yenu ya mshale wakati wowote sasa ni kopo la chumvi. Hamkusikia Mwanza wamezima?"

Tulisikia. Mwaka ule walizima mitambo ya zamani ya televisheni, watu wakahangaika na ving'amuzi, na huku machimboni kila muuzaji akawa na dijitali mdomoni. Hata tochi zilikuwa dijitali! Mama akaogopa. Saa nne ya asubuhi hiyo hiyo dada yangu Mokami angeimba na kwaya yao redioni, kutoka mjini Tarime, wa kwanza katika ukoo wetu. Mama alisema hawezi kumkosa mwanawe kwa ajili ya mbuzi. Lakini mbuzi ana mimba, tena ndiye pekee tuliye naye.

Mimi nilikuwa natazama tu, redio yetu ya mshale nimeiweka kando ya ile mpya. Nikaona redio mpya ina antena kama yetu, imeandikwa FM kama yetu.

"Kaka, hiyo sataliti inaingilia wapi?"

"Siz, kwani umesoma mpaka la ngapi?"

"La saba. Ndiyo maana nauliza."

Watu wakacheka, wakasogea. Sisi wanawake wa Genkuru tunaponda mawe, na hakuna anayenunua kiroba cha mawe kwa kuona kinang'aa. Unachota kiganja, unasaga, unaosha kwenye karai mbele ya mwenye mali, uone kama kuna dhahabu.

"Basi na hii tuioshe," nikasema. "Zote mbili stesheni moja, sauti sawa. Ninyi geukeni. Mtaniambia dijitali ni ipi."

"Haya, geukeni!" akapayuka Philomena, jirani yetu. "Wewe Heche, usichungulie!"

Wakanipa migongo, hata Heche na wanunuzi wengine wa dhahabu. Nikafungua ya kwanza, mtangazaji akasema maneno mawili, nikafunga. Nikafungua ya pili.

"Hiyo!" Mama akaruka. "Ya pili! Safi kabisa! Hiyo ndiyo dijitali!"

"Ya pili!" wakaitikia wote.

"Geukeni."

Ilikuwa yetu, ya mshale, betri zake zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mnada ulilipuka! Philomena alikaa chini kwa kicheko.

"Namba ni za kuonea stesheni tu," nikamwambia Mama. "Sauti inatoka mnara ule ule."

"Lakini ni steleo," Sylvester akasema polepole, akaachia kamba.

Hapo hapo mtangazaji akaitaja kwaya. Wote wakaizunguka meza. Halafu Mokami akaanzisha, peke yake, sauti yake ile ya kuita ng'ombe, na Sylvester mwenyewe akainama akafungua na yake, dada yangu akawa anaimba mezani mara mbili, hakuna redio inayoitangulia nyingine.

"Mokami!" Mama akaipigia redio kelele. "Tunakusikia, mwanangu! Paza!"