Kinga Kali

Sikia hili, wewe mwenye mtoto kliniki.

Nyumbani kwa fundi cherehani mmoja sindano hazikulala nje ya kopo. Mwanawe, waliyemwita Bosi, alizaliwa na damu isiyoganda. Akijikwaa tu, goti linaumuka kama unga uliotiwa hamira. Aliishi kwa dawa ya kugandisha damu.

Siku moja nesi wa kliniki, aliyezoeana na mama huyo hadi wakaitana dada, alisoma majibu ya damu aliyotolewa Bosi kwa utafiti.

"Bosi anazo zile alama walizokuwa wanatafuta. Kinga yake kali huyo."

Mama mtu nusura apige vigelegele. Alama alizozijua yeye ni za mtihani. Ukiwa nazo, umefaulu. Akatia sahihi alipoonyeshwa. Wiki ileile akamshonea nesi gauni la maua, na mtaa mzima ukajua mtoto ana kinga kali.

Mwaka haukuisha. Bosi akateleza bafuni. Akachomwa dawa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na goti likazidi kuvimba.

Daktari mgeni akafungua faili.

"Mama, hukuambiwa? Alama hizi ni za kurithi. Zinaonyesha kinga ya mwili wake huenda ikaiona dawa kama adui. Sasa kinga hiyo ndiyo inayoila dawa. Alitakiwa apimwe mara kwa mara, tungeishtukia mapema."

"Niliambiwa ni kali."

"Ni kali kweli. Kwa dawa."

"Na goti?"

"Leo tunabadilisha dawa. Damu itasimama. Ila goti halitanyooka lote."

Nesi alikuwa mlangoni, kavaa lile gauni la maua.

"Dada, ulijua?"

"Si nilikwambia kali?"

"Nikacheka, na wewe ukacheka."

"Ulifurahi mno. Nikaona nisikutibulie siku, nitakueleza kesho. Kesho zikapita, nikaona haya."

"Haya zikawa zako, goti likawa la mwanangu."

Hakupandisha sauti. Akaomba faili. Chini ya sahihi yake paliandikwa: *Mzazi ameelezwa*. Akachukua kalamu ya daktari, akalikata neno la pili, na juu yake akaandika polepole, kwa herufi kubwa za shule ya msingi: HAKUELEZWA.

Kisha akavuta kiti karibu na daktari.

"Anza upya. Na ukifika kwenye neno zuri, simama hapohapo uniambie ubaya wake."