Kitufe cha Kushoto

Usiku wa jana niliota bastola imekuja kwenye kikao chetu, imechelewa dakika kumi, ikaomba radhi na kutafuta kiti.

Kabla sijaendelea inabidi niwaeleze habari za sisi wenye kikao, maana sisi hatukuwa ndoto. Sisi ni Umoja wa Wapenzi wa Bastola za Kale, hapa Iringa. Tuna wanachama kumi na wawili, tuna muhuri, na bastola hatuna hata moja. Mimi, Mwalimu Luhanga, mstaafu wa jiografia, ndiye katibu. Mwezi uliopita zilikuja habari kwamba kiwanda cha Dorn kinairudisha sokoni ile bastola yake ya zamani, Dorn Sita, yenye silinda inayozunguka na risasi sita, iliyoacha kutengenezwa kabla baadhi yetu hatujaoa. Kundi letu la WhatsApp halikulala siku tatu.

Mwenyekiti wetu, Bwana Sanga wa duka la vifaa vya ujenzi, alisema mpini wa hii mpya si mbao, ni mpira, na mpira ni wa kandambili. Mwingine alisema weusi wake si ule weusi. Wa tatu alisema hata mlio hautakuwa ule, na alipoulizwa mlio ule aliusikia wapi, akasema suala si hilo.

Lakini hoja nzito kuliko zote ilikuwa yangu. Nina kalenda ukutani, juu ya redio, ina miaka kumi na tisa, na sijaitoa kwa sababu ya picha yake kubwa ya Dorn Sita. Kwenye picha hiyo kitufe cha kufungulia silinda kiko upande wa kulia. Kwenye picha za toleo jipya kiko kushoto. "WAMEHAMISHA KITUFE!" niliandika kundini. Wanachama wakapandwa na hasira kwa jambo ambalo dakika tano kabla hawakulijua. Tukaazimia kukiandikia kiwanda barua ya kulaani, na mimi ndiye niliyeiandika.

Mtu mmoja tu alipinga. Mzee Kihwele, askari mstaafu wa wanyamapori, aliibeba Dorn Sita kiunoni miaka kumi na moja porini. Kundini huwa anatuma picha za maua na "asubuhi njema", basi. Siku hiyo aliandika: "Mwalimu, kitufe kilikuwa kushoto siku zote." Nikamjibu mbele ya watu wote: "Mzee wangu, umri nao una mambo yake." Watu wakamwaga emoji za kucheka. Kihwele akajitoa kundini saa ileile.

Huyu ni rafiki yangu wa miaka thelathini. Ndiye aliyesimama pembeni yangu kanisani nilipomwoa Semeni. Asubuhi ya kwanza bila ua lake ilinikaa vibaya, na ya pili pia, lakini sikumpigia simu. Nilijiambia barua ikishaenda tutazungumza. Barua ilikuwa iende posta leo, saa mbili asubuhi.

Haya, sasa ndoto.

Kikao kinafanyika kwenye ukumbi wa shule niliyofundisha. Ni mchana. Wanaume wote wamefunga vifungo vya shati upande wa kike, na saa ya ukutani inarudi nyuma. Sioni ajabu yoyote. Naandika kwenye muhtasari kwamba kikao kimefunguliwa baada ya kufungwa.

Ndipo bastola ikaingia, na wajumbe wote wakalala chini kifudifudi. Ni kanuni yetu ya kwanza: kila bastola ichukuliwe kuwa ina risasi. Nyuma yake akaingia mke wangu Semeni na birika la chai. Mdomo wa birika ulipomwelekea Sanga, aliyekuwa ameanza kuinuka, akalala tena. Semeni akawapitia mmoja mmoja akimimina, kama anayemwagilia mchicha.

"Samahani kwa kuchelewa," bastola ilisema. "Nimekaa nje miaka mingi, nimesahau njia."

"Umealikwa?" nikauliza.

"Najadiliwa."

Nikaandika: mjadiliwa yupo.

Tukaanza na hoja ya mpini. Hoja iliingia yenyewe kwa mlango wa nyuma, fupi, nene, haina mikono. Na kanuni ya pili inasema hoja isiyoungwa mkono haijadiliwi. Sanga akasimama, akachomoa mikono yake yote miwili mabegani, akaiunga. Wajumbe wengine wakafuata. Mimi sikutoa, kwa sababu katibu hapigi kura. Hoja ikapata mikono ishirini, ikajikuna kila mahali palipokuwa panaiwasha, ikapita.

Ilipita dirishani, ikaenda zake.

"Mikono yetu itarudi?" aliuliza mjumbe mmoja, akitazama chai yake inavyopoa.

"Hilo ni la mengineyo," nikasema.

Bastola ilikohoa. Ilikuwa na kikohozi kikavu cha kitu kilichokaa kabatini. "Mimi nina swali moja tu. Aliyewahi kunishika anyooshe mkono."

Sanga akaomba iandikwe kwamba wajumbe walishindwa kunyoosha kwa sababu za kiufundi. Nikaandika. Nilipoinua macho, watu wote walikuwa wananitazama mimi, mwenye mikono.

Nilitaka kusema kweli. Nilishafungua kinywa. Lakini miaka kumi na tisa watu hawa wamekuwa wakisema "tumuulize Mwalimu," na kuulizwa ni kutamu. Nikanyoosha.

"Vizuri," bastola ilisema. "Twende ukanionyeshe hicho kitufe."

Nikapiga hatua moja, na ukumbi haukuwa ukumbi tena. Tulikuwa ndani ya kalenda yangu. Sakafu yake ni tarehe. Tulitoka Jumatano tukakata kona Alhamisi, bastola ikanionya nisikanyage sikukuu. Mbele yetu, juu ya meza, ilikaa Dorn Sita nyingine, mtutu umeelekea dirishani, imekaza mwili kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Wewe nani?" bastola iliuliza.

"Mimi ni picha," ile nyingine ikajibu bila kugeuza shingo. "Msinichekeshe, nitatoka nimetikisika."

"Mbona umegeukia huko? Kitufe chako kiko kulia."

"Mpiga chapa aliniweka kinyume. Nilimwambia. Akasema, nani atajua?"

Nilijisikia joto masikioni. "Lakini wewe ni toleo la Urusi," nikasema. "Maandishi ya mtutuni ni ya Kirusi. Nimetoa mhadhara."

"Hilo ni jina langu, Mwalimu. Limegeuzwa, kama mimi. Miaka kumi na tisa umenitazama kila asubuhi ukipiga mswaki. Nilidhani utagundua Januari ya kwanza."

Nikatazama pembeni, kwenye tarehe ya leo, na hapo nikamwona Kihwele. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, maua yamemfika magotini. Mawaridi, alizeti, yale ya plastiki yenye maandishi ya kumetameta.

"Asubuhi njema, Mwalimu," alisema.

"Maua yote haya ya nini?"

"Ni ya tangu nijitoe. Sina pa kuyatuma, yanajaa tu."

Hapo nilitaka kulia, na sioni haya kuliandika. Kukosea kitufe si kitu. Nilimfanya mtu mzima achekwe kwa jambo alilolibeba kiunoni miaka kumi na moja, nami nimelibeba kwa macho tu.

"Kihwele, kitufe kilikuwa kushoto."

"Najua. Kilinichubua kidole gumba miaka yote hiyo. Kilikuwa kigumu, mbwa yule." Akaninyooshea kidole gumba cha kulia. Palikuwa na sugu ubavuni, nene kama kifuniko cha soda.

"Mbona hukunionyesha?"

"Ulikuwa umeshasema ni umri. Sugu nayo ungesema ni ya umri."

Bastola ikaja ikakaa kwenye kiganja changu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyowahi kuwaeleza wanachama. "Bonyeza," ilisema. "Kushoto."

Nikabonyeza kwa kidole gumba cha kulia. Hakikusogea. Nikakaza meno, nikasukuma kwa nguvu zote za mstaafu, kikanichubua, silinda ikafunguka. Ndani ya matundu sita hamkuwa na risasi. Mlikuwa na barua yetu ya kulaani, imechanwa vipande sita na kusokotwa vizuri.

"Kumbe ilikuwa na risasi kweli," alisema Kihwele, akaanza kukusanya maua yake.

Nikaamka.

Semeni alikuwa anafungua pazia. "Mwalimu, saa moja hii. Si ulisema unakwenda posta?"

"Kioo changu cha kunyolea kiko wapi?"

"Unataka kunyoa kwa ajili ya posta?"

Nilikiona juu ya kabati. Nikakisogeza kwenye kalenda, juu ya redio, nikatazama ndani yake. Mtutu uligeuka ukaelekea mlangoni. Kitufe kikawa kushoto. Na yale maandishi ya Kirusi, taratibu, bila haraka yoyote, yakasomeka: DORN.

"Kuna nini humo?" Semeni aliuliza.

"Kuna mimi," nikasema.

Barua nikaichana. Vilitoka vipande sita, sikuvihesabu mpaka baadaye. Kisha nikaandika kundini: "Ndugu wanachama, kitufe kilikuwa kushoto siku zote. Mzee Kihwele alisema kweli. Mimi nimekuwa nikitazama picha iliyochapwa kinyume, na Dorn Sita sijawahi kuishika maishani mwangu." Watu wakawa wanasoma tu, hakuna anayeandika. Mwishowe Sanga akajibu: "Sawa Katibu. Ila mpira ni mpira."

Nikampigia Kihwele. Simu iliita mpaka nikadhani hatapokea.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. Tumepishana miaka miwili tu, sijawahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba," alisema, akangoja.

"Nimekupigia kuomba radhi. Nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nimeshasema. Sasa nakwambia wewe mwenyewe. Nilikuwa na picha, wewe ulikuwa na bastola. Nisamehe, rafiki yangu."

Nikasikia kijiko kinakoroga chai upande wa pili, kikazunguka, kikatulia.

"Yamekwisha, Mwalimu," alisema. "Njoo tunywe chai. Ila kwanza kipake mafuta ya nazi hicho kidole gumba, kitakusumbua wiki nzima."

Ndoto nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote, hata Semeni. Nikahamishia simu mkono wa kushoto, nikaugeuza wa kulia kwenye mwanga wa dirisha. Ubavuni mwa kidole gumba ngozi ilikuwa imechubuka, mbichi kabisa.