Kombe la Aliyetoka Mbali

Kila Agosti, kwenye maonyesho ya matrekta ya zamani ya Skelby, kombe kubwa hapewi mwenye trekta zuri. Hupewa aliyetoka mbali kuliko wote, kwa sharti moja: trekta lije kwa magurudumu yake lenyewe.

Clement Raistrick alikuwa amelichukua kombe hilo miaka mingi mfululizo. Mwaka huu magoti yalimuuma na rejeta ya trekta lake ilivuja maji. Badala ya kutulia nyumbani kama mtu mwenye akili zake, alilipakia trekta kwenye tela, akalivuta kwa gari mpaka machimbo ya mawe nje ya mji, akaacha gari na tela hapo, kisha akaingia uwanjani juu ya trekta, kofia ameishusha machoni kama aliyepigwa na upepo tangu alfajiri.

Wakampa kombe, na akalipokea bila haya. Aibu ilimpata alipojiwa na Winnie Tallentire, mjane wa shamba linalopakana na lake, aliyeendesha trekta lake mwenyewe njia nzima, uso umejaa vumbi la safari.

"Hongera, jirani. Lakini ulinipitia wapi wewe? Nimekungoja njiani, kule kileleni mwa kilima, na chupa ya chai. Nikasema, mzee huyu na magoti yake, akikwama atasaidiwa na nani, kondoo?"

Clement aliishusha kofia zaidi. "Labda..."

"Labda nilikuwa nyuma ya ukuta najisaidia. Kibofu cha uzeeni hakina adabu." Winnie akacheka. "Haya, turudi pamoja. Tangulia, bingwa."

Akatangulia, kombe mapajani, akitamani ardhi ipasuke immeze. Mwongo alikuwa yeye, na mwenzake ndiye aliyemtafutia kisingizio, kwa wema tu. Hilo lilimchoma kuliko yote.

Walipofika machimboni angeweza kupita. Rejeta labda ingemfikisha nyumbani. Lakini alikata kona, akasimama mbele ya tela lililoandikwa RAISTRICK ubavuni, akazima injini.

Winnie naye akazima. Alilitazama tela, kisha akamtazama yeye. Clement alimnyooshea kombe bila kuinua macho.

"Ni lako hili."

Winnie hakulipokea. Alitoa chupa yake, akamimina chai iliyobaki kwenye kifuniko, akampa.

"Kumbe ndiyo maana ilipoa," alisema.

Clement akainywa yote.