Ndoo ya Kituo cha Kumi na Saba

Saa nne asubuhi Mama Foleni alifungua foleni ya mafaili yanayosubiri kusafiri, akaona lile la kituo cha kumi na saba limekwama tena. Kazi iliyompa jina hilo ilikuwa kutuma takwimu za mvua kwa maabara tano za ng'ambo, zilizogawana hesabu ambayo kompyuta moja isingeiweza. Vituo vingine vyote vilipimwa na mitambo. Cha kumi na saba alikipima baba yake, kila siku saa tatu asubuhi, kwa miaka thelathini na mmoja.

Faili lilifika ng'ambo, likakataliwa, likarudi. Kila liliporudi, kebo ilidondosha maji. Mpiga deki aliweka ndoo, akatumbukiza rula.

"Kumi na nne," alisema. "Kama jana. Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakunijua mimi."

Milimita kumi na nne ndicho kilichokuwa kipimo cha kwanza katika faili. Ijumaa adhuhuri diski ya zamani iliyohifadhi mafaili hayo ingefutwa, na kilichokwama kingepotea nayo. Mama Foleni aliogopa, akaenda kwa mkurugenzi.

"Bosi, kebo inavuja maji."

"Weka ndoo."

"Ipo. Ila faili halilingani na namba yake ya uhakiki. Kuna kitu kimepungua."

"Tumeondoa safu ya jina la mpimaji tu, mzigo uwe mwepesi. Kompyuta ina haja gani na majina ya watu, dada?"

Safu hiyo ilikuwa na jina moja, limeandikwa mara elfu kumi na moja na ushei. Namba ya uhakiki ilikokotolewa kabla halijaondolewa, kwa hiyo jina lilikuwa sehemu ya hesabu. Alhamisi Mama Foleni alilirudisha bila kumuuliza mtu, akatuma. Uzito ulioongezeka haukufikia wa picha moja ya harusi. Namba zikalingana, kebo ikakauka. Alilia kidogo kwa furaha, kisha akamalizia chai yake.

Miezi miwili baadaye ripoti ya maabara hizo ilitoka. Iliwashukuru wakurugenzi, mitambo na mafundi wa viyoyozi. Ng'ambo nao walikuwa wameifuta safu ya jina, mzigo uwe mwepesi. Wiki hiyohiyo waliandika kuuliza habari za maji: yalianza kudondoka asubuhi hiyo saa tatu, katika maabara zote tano. Mama Foleni akawajibu wanunue ndoo na rula, wamtumie vipimo.

Kesho yake jioni alimpitia baba yake, akamkuta uani anapangusa kipimamvua ambacho hakuna aliyemtuma kukisoma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kazi yangu wameitumia?"

"Wameitumia yote. Jina lako hawakuliweka."

Mzee alikunja kitambaa polepole. Lilimuuma, na uso haukuficha.

"Na yale maji uliyonisimulia?"

"Jana kumi na nne. Leo sita."

"Sawasawa kabisa na siku zangu mbili za kwanza," alisema, na sasa alikuwa anatabasamu. "Kesho kukavu. Keshokutwa waambie watafute ndoo kubwa."